Panya Anayepandikizwa Uvimbe wa Mwanadamu



Mmoja katika wanafunzi wa darasa yetu ya baada ya Magharibi aliniuliza kwa uchungu. Babake ana saratani ya tumbo, naye ameikataa dawa ya daktari, kwa kuwa ameambiwa hujaribiwa kwa panya walioota nyama ya mwanadamu. Je, dawa hiyo si najisi?

Ndugu zangu, tufahamu kabla ya kuhukumu. Mwaka 1969, mjini Copenhagen, wataalamu Rygaard na Povlsen walipandikiza saratani ya utumbo mpana ya mgonjwa katika panya wasio na manyoya. Panya hawa huzaliwa bila ya tezi ya kifuani inayolea askari wa mwili. Kwa hivyo mwili wao hauikatai nyama ya kigeni, na uvimbe humea. Leo uvimbe wa tumbo nao hufanywa vivyo hivyo. Kipande kilichokatwa na mpasuaji hutiwa chini ya ngozi ya panya. Kikikua hugawiwa panya wengine, hawa wakapewa dawa na hawa wasipewe, kisha uvimbe ukapimwa.

Basi panya hapo ni mizani tu, na mizani haiingii chunguni. Dawa haikutolewa mwilini mwake. Naye Mtume wetu ametuhimiza kujitibu.

Lakini liko swali ambalo kijana hakuniuliza, nami naliona zito zaidi. Panya ni katika wanyama walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya Haram. Wako wanaokomea hapo, na hilo ni kosa. Mtume huyo huyo ametuhadithia mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfungia, na ameamrisha mchinjaji akinoe kisu chake. Mtafiti amwachaye panya na uvimbe hata asiweze kula, ilhali angeweza kumpa dawa ya ganzi au kumwua upesi, ana dhambi. Uingereza imeweka sheria ya mambo haya tangu 1876, na nyingine mwaka 1986. Bila ya leseni mtu hagusi mnyama.

Na sisi je? Madukani mwetu huuzwa gundi ya panya. Mnyama hunata, akalia usiku kucha, akajichuna ngozi, nasi tumelala.

Nilimzuru mzee yule, akakubali kurudi kwa daktari. Nilipokuwa nikivaa viatu niliiona gundi hiyo nyuma ya mlango wake, nikamwomba mwanawe aiondoe.