Haki ya Kujibiwa

Mji una wajibu gani kwa mkazi anayelalamika? Wengi watajibu upesi kwamba wajibu wake ni kumpa anachotaka: maji yakikatika yarudishwe, taka zikijaa zizolewe, taa ya njia ikizimika iwashwe. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Hapana mji duniani uwezao kumpa kila mkazi atakalo, kwa kuwa atakalo huyu mara nyingi ndilo asilolitaka jirani yake. Basi nakuomba, msomaji, tutafute kitu ambacho mji waweza kumpa kila mlalamikaji bila kumnyang'anya mwingine. Kitu hicho mimi nakiita jibu.

Chukua mfano wa Mamboleo, pale njia ya Miwani inapoachana na barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kakamega. Hapo pana soko, pana uwanja mkubwa wa michezo ambamo sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa tarehe 1 Juni 2021, na pana wapita njia tangu alfajiri hata usiku. Penye wapita njia pana mnunuzi, na penye mnunuzi hakosi kutokea muuzaji. Tuseme mwanamke mmoja ametandika gunia kando ya lami, akapanga juu yake mafungu ya omena na nyanya. Kanuni za mji zamkataza. Hazimkatazi kwa chuki: ukingo wa barabara ni wa waendao kwa miguu, na gari likikosa breki halichagui kati ya omena na mwenye omena. Wala yeye hakuketi hapo kwa ukaidi. Ndani ya soko wanunuzi hawafiki kama wafikavyo njiani, na mtu ashukaye matatu saa moja ya usiku hana nguvu za kuzunguka vibandani. Ukiwasikiliza wote wawili utaona kwamba kila mmoja ana haki. Hapo ndipo shauri linapokuwa gumu.

Mji waweza kunyamaza mwaka mzima, kisha siku moja ukaja na tingatinga. Waweza pia kuita mkutano, ukasikiliza kwa adabu, ukaandika majina ya waliohudhuria, halafu ukatenda lile lile ulilokwisha kuliamua. Au waweza kumwambia yule mama: hatukukubalii kukaa hapa, na sababu yetu ni hii, mahali tulipokutengea ni pale, siku ya kuhama ni fulani, nawe ukiona tumekosea, peleka neno lako katika ofisi fulani. Katika hali zote tatu gunia lakunjwa. Lakini katika zile mbili za kwanza ameondolewa kama jiwe lililozuia njia, na katika ya tatu ameondolewa kama mtu.

Waweza kuniambia kwamba tofauti hiyo hailiwi, na watoto wake watalala njaa vilevile. Ni kweli, hailiwi. Hata hivyo itazame vizuri, maana ina faida kuliko uidhaniavyo. Sababu ikitajwa hupimika. Ofisa anayejua kwamba itampasa kuandika sababu hulazimika kwanza kuwa nayo. Na mama akiambiwa kwamba jambo linaloogopwa ni magari, aweza kujibu: basi tupeni nafasi nyuma ya kituo cha matatu, mahali ambapo magari hayafiki na wanunuzi hawatupiti. Pengine shauri lake ni bora kuliko la wenye ramani. Mji ulionyamaza hautalijua kamwe.

Neno baraza lenyewe lina historia ya kutufunza. Pwani, baraza ni kiti cha mawe mbele ya nyumba. Wenyeji huketi hapo, huyu akisema yule humjibu. Neno hilo liliposafiri kwenda bara katika siku za ukoloni lilichukua maana nyingine pia: mkutano wa chifu au wa mkuu wa wilaya, ambapo mmoja alisimama akasema, na mamia wakaketi chini wakasikia. Methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu ilifaa sana kwa baraza la namna hiyo. Wazee wetu hawakutuambia ni guu la nani livunjikalo mkuu asiposikia la mdogo.

Kisumu nao ulizaliwa katika siku hizo. Reli ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na mji ukapangwa kwa ajili ya reli na bandari. Waafrika wengi walijijengea nje ya mpaka wake, katika sehemu kama Nyalenda na Manyatta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ulisogezwa, na watu hao wakawa watu wa mji bila kuhama hata hatua moja. Kanuni za mji ziliwafikia kwa kalamu. Mabomba hayakuwa na mbio hiyo. Kwa miaka mingi wengi wao walinunua maji kwa mtungi, kwa bei iliyopita ile ya wenye bomba nyumbani, na wengine waliunganisha mipira ya siri.

Kampuni ya maji ya mji, iitwayo KIWASCO, ingaliweza kuendelea tu kukata mipira hiyo na kuwashtaki wenyewe. Lakini katika miaka ya 2000 ilianza mpango mwingine huko Nyalenda. Iliwauzia maji kwa jumla watu na vikundi vya mtaa, yakapimwa kwa mita moja, nao wakayafikisha kwa majirani na kukusanya malipo. Sisemi kwamba shida ilikwisha, wala kwamba kila mvunja sheria ni mlalamikaji. Wako wezi ambao ni wezi tu. Lakini mtu aliyetoboa bomba alikuwa akisema neno, ingawa kwa njia mbaya, na safari hii mji ulilijibu neno badala ya kulijibu tundu.

Mambo mengine hayajibiki kwa wepesi huo. Jaa la Kachok lilikaa miaka mingi karibu na uwanja wa Moi, pamoja na moshi wake na uvundo wake. Wakazi walitaka liondolewe, na serikali ya kaunti iliyoingia madarakani mwaka 2017 iliahidi kuliondoa. Lakini taka haziendi mbinguni. Zikitoka Kachok hazina budi kuwekwa mahali, na kila mahali pana wenyeji wenye pua. Kumwondolea huyu uvundo bila kumuuliza yule atakayeupokea ni kuhamisha malalamiko, si kuyajibu. Na hapa mji nao una swali la kutuuliza sisi. Yule amwagaye takataka mtaroni usiku, kisha mvua ikinyesha auliza kwa sauti kuu kwa nini njia imefurika, anadaiwa jibu kama anavyodai.

Jambo hili si geni. Socrates wa Athens alihukumiwa kunywa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo, na rafiki zake walipotaka kumtorosha alikataa. Katika kitabu kiitwacho Crito, Plato anamwonyesha akizifikiri sheria za mji kana kwamba zasimama mbele yake, zikimpa hiari ya kuzishawishi kwamba zimekosea, au kuzitii. Wasomaji wengi hukumbuka kutii peke yake. Mimi navutwa na ile hiari ya kwanza. Sheria zenyewe zakiri kwamba zaweza kuambiwa neno na kubadilika, na kwa sababu hiyo zadai utii. Sheria isiyo na masikio yadai utii huo kwa haki gani? (Ni lazima niongeze kwamba katika mkutano wa Athens mwanamke hakuruhusiwa kusema, wala mtumwa. Mama yetu wa Mamboleo asingalipata hata pa kusimama.)

Kenya ya leo imeandika jambo hili wazi kuliko Athens. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 37, yampa kila mtu haki ya kupeleka maombi yake kwa wenye mamlaka. Na ibara ya 47 yasema kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa au yaelekea kuguswa na tendo la kiofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo yaziagiza ofisi za kaunti kuyajibu maombi ya wananchi bila kukawia. Ofisa aweza kulia kwamba malalamiko ni elfu na yeye ni mmoja. Kilio chake ni cha haki, lakini malalamiko elfu ya maji ya mtaa mmoja hujibiwa na tangazo moja. Kinachomchosha mkazi zaidi ni kutumwa mlango hata mlango: barabara kuu ni ya serikali ya taifa, soko ni la kaunti, maji ni ya kampuni, umeme ni wa kampuni nyingine. "Si kazi yetu" ni jibu halali likifuatwa na jina la mwenye kazi.

Sasa wewe uliye shuleni. Katika nyumba nyingi wewe ndiwe msomaji wa matangazo. Tangazo huja kwa Kiingereza, nyumbani husemwa Kijaluo au Kiluhya, na Kiswahili kimekaa katikati. Mama akikuletea karatasi akuulize yasemaje, usimwambie tu kwamba wanafukuzwa. Tafuta tarehe, tafuta sababu, tafuta jina la ofisi. Kama sababu haimo, hilo ndilo neno la kwanza la kuandika. Barua iwe fupi: ni mahali gani, tangu lini, nini kimeombwa, na kwamba mwombaji ataka kupewa sababu kwa maandishi. Iandike mara mbili. Moja iende ofisini, na ya pili irudi nyumbani ikiwa imepigwa muhuri wa siku ilipopokelewa.