Kutetea Si Kuthibitisha

Wako watu wanaodhani kwamba dini ni kama kesi: mwenye hoja nyingi hushinda, na aliyeshindwa hana budi kuhamia upande wa pili. Dhana hii imewashika Waislamu na Wakristo sawasawa. Hebu, ndugu msomaji, tuitazame kwa mizani ya mwanachuoni mkubwa wa Wakristo wenyewe, Thomas Aquinas, aliyekufa mwaka 1274.

Mtu huyu hakuidharau akili hata kidogo. Alieleza njia tano za kuthibitisha kuwako kwa Mungu, na alivisoma mno vitabu vya Ibn Sina na Ibn Rushd vilivyokwisha fasiriwa kwa Kilatini. Kitu kinachoweza kuwako na kutokuwako chahitaji kilichokipa kuwako. Mwislamu akiisoma hoja hii hajioni mgeni.

Lakini katika miaka ya 1260 alipata maswali kutoka kwa mkuu wa waimbaji wa kanisa la Antiokia. Waislamu wa huko walikuwa wakiwauliza Wakristo: Mungu atakuwaje na mwana, ilhali hana mke? Yule bwana akataka hoja za kuwajibu. Aquinas alimjibu, ila kwanza akamtahadharisha: asijaribu kuwathibitishia imani yake kwa hoja za kulazimisha, bali aitetee tu, aonyeshe kwamba si uongo. Na katika Summa Theologiae akasema kwamba Utatu haufikiwi kwa akili peke yake, na kwamba mwenye kutaka kuuthibitisha kwa hoja dhaifu huifanya imani ichekwe na wasioiamini.

Waama, tofauti hii ni kubwa. Mtu akisema, "Jirani yako hawezi kuwa amekwenda Tabora, kwani hana gari," nami nikamwonyesha kwamba garimoshi liko, nimeondoa pingamizi lake, lakini sijathibitisha kwamba jirani amekwenda. Hilo lahitaji khabari ya mkweli. Basi Aquinas akiri kwamba mafumbo ya dini yake yamesimama juu ya khabari, na mwenye kuulizwa juu ya khabari huulizwa: nani ameileta, na imehifadhiwaje? (Sisi twashikilia kwamba hata utetezi wake haukutosha, lakini hilo ni shauri jingine.)

Iko pia dhara inayompata mtetezi mwenyewe. C. S. Lewis, mwandishi wa Oxford aliyesifika sana kwa kuutetea Ukristo, aliwaambia viongozi wa vijana wa kanisa na makasisi mwaka 1945 kwamba hakuna fundisho lililomwonekea kama kivuli kuliko lile alilotoka kulitetea hadharani akashinda. Labda kwa sababu kwa saa ile imani ilikuwa imeegemea ulimi wake.

Nasi tusicheke. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliisoma ilmul kalam, akaiandikia vitabu, kisha akasema kwamba elimu hiyo yatosha kwa kazi yake ya kuilinda itikadi na wazushi, ila haikumtosha yeye. Yakini yake, asema, haikurudi kwa dalili zilizopangwa, bali kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa Nidhamiyya na wanafunzi mamia mbele yake, aliiacha Baghdad akaenda Sham.