Namasagali, Mji Ulioneemeka kwa Maporomoko

Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda, meli haiwezi kuufuata. Maji yanaporomoka miambani mwendo mrefu, ndipo yanatulia karibu na Namasagali, na kutoka hapo chombo kinaelea hadi Ziwa Kyoga. Waingereza, waliotaka pamba ya Busoga, Teso na Lango ifike Mombasa, walijenga reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali, isiyozidi kilomita 100, kuyazunguka maporomoko hayo. Ilifunguliwa 1912. Reli ilipoishia, meli zikaanzia.

Mji ukanawiri. Meli za mvuke kama Stanley na Grant zilileta marobota ya pamba kutoka bandari ndogondogo za Kyoga, wachukuzi wakayashusha gatini na kuyapakia kwenye mabehewa. Abiria wa kwenda Sudan nao walishuka hapa kwenye treni, wakapanda meli hadi Masindi Port, wakasafiri kwa barabara hadi Butiaba kwenye Ziwa Albert, wakapanda meli nyingine hadi Nimule. Kila mzigo uliohamishwa ulimpa mtu ujira, na kila abiria aliyesubiri alihitaji chakula na malazi. Tatizo ni kwamba riziki hiyo yote ilitokana na jambo moja tu: njia ilikuwa imekatika pale. Siku itakayoungwa, nani atalipa tena?

Na iliungwa mapema, machoni pa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 reli kuu kutoka Kenya iliingia Busoga kupitia Tororo, ikakutana na ile ya zamani Mbulamuti. Mwaka 1929 treni ilifika Soroti, pamba ya Teso ikapata njia yake ya nchi kavu. Mwaka 1931 reli ilivuka Nile pale Jinja na kufika Kampala. Namasagali ikabaki ncha ya tawi. Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Meli ziliendelea kuja, mishahara ililipwa, makarani na makuli waliendelea kuishi kama kawaida kwa miaka thelathini hivi. Mji uliokwisha kupoteza sababu ya kuwapo ulionekana mzima, na kwa kuwa ulionekana mzima hakuna aliyeutafutia kazi nyingine.

Kisha zikaja mvua kubwa za 1961. Maziwa yalipanda, gati likafurikwa, mafunjo yanayoelea yakaziba njia za meli. Huduma zikafungwa. Wengi husema maji ndiyo yaliyoiua Namasagali. Sikubali. Ziwa Victoria lenyewe lilipanda zaidi ya mita 2, lakini bandari zake za Kisumu na Port Bell hazikuachwa. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 zilipata hata meli za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru. Gati lenye mzigo hujengwa upya. La Namasagali halikujengwa kwa sababu reli ya Soroti ilikuwa tayari inapelekwa Lira, Gulu na mwishowe Pakwach, ilikofika 1964. Masindi Port na Butiaba, zilizoishi kwa mnyororo uleule, zilianguka pamoja nayo.

Leo nasi twaweza kurudia kosa hilo: halmashauri zetu zinagombea stesheni za reli mpya, na vibanda vinaota kando ya kila kituo. Nauli ya abiria apitaye si uchumi wa mji. Ningewaomba madiwani waulize mapema ni kitu gani kitatengenezwa pale ambacho mtu atakifuata hata treni ikihama: kiwanda cha kuchambua pamba, soko la mifugo, chuo.

Namasagali ilikipata kitu hicho kwa kuchelewa mno. Majengo yaliyoachwa na reli yakawa shule, ambayo kuanzia 1967 iliongozwa na Padri Damian Grimes, ikajulikana Uganda nzima kwa tamthilia, dansi na ndondi. Wazazi walituma watoto kutoka mikoa ya mbali, na safari yao iliishia hapo. Chuo Kikuu cha Busitema nacho baadaye kikaweka kampasi yake huko.