WAZEE WALIOMALIZA KAZI NA KIPIMO KINACHOPUNGUA

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu Waislamu, nawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Nabii Shuaibu (a.s.) alitumwa kwa watu wa Madyan, wafanyabiashara. Baada ya kuwaita kwenye tauhidi, aliwakataza kupunja vipimo na kuwapunguzia watu vitu vyao. Tukisikia hivyo tunamfikiria muuza mchele mwenye kopo lililobonyezwa chini. Lakini kuna kipimo kinachopungua bila mtu kukigusa: pensheni ya mzee.

Fikirini. Aliyekatwa mshahara miaka ya 1970 kwa ajili ya uzee wake alikatwa kwa zaire. Mwaka 1993 zaire za zamani milioni 3 zikawa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Ndiyo kusema franka moja ilimeza zaire za zamani miliari 300! Nayo franka haikusimama: mwaka 2015 dola moja ilikuwa karibu franka 930, mwishoni mwa 2023 ilipita 2,500. Na hapa Bunia nyumba zinapangwa kwa dola. Pensheni ikibaki namba ileile, mzee ataweka sahihi kwamba amelipwa, na sokoni atarudi na kikapu kitupu.

Wengine watauliza: kuongeza hiyo namba si riba? Swali zuri. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilisema mwaka 1988 kwamba deni hulipwa kwa idadi yake. Lakini mwaka 1993, huko Brunei, likaruhusu mishahara ifuate bei za vitu, maadamu haidhuru uchumi wa watu wote. Na mimi naona pensheni ni mshahara uliocheleweshwa. Ikifuata bei, mzee haanguki chini ya pale alipokuwa. Ikifuata mishahara, anatembea pamoja na vijana wanaofanya kazi leo. Uingereza iliamua kuanzia 2011 kutazama yote mawili, pamoja na asilimia 2.5, na kuchukua lililo kubwa kuliko yote.

Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee Myahudi, kipofu, akiomba milangoni. Akampa cha nyumbani kwake, kisha akaamuru apewe kutoka hazina, kwa kuwa aliona si haki kuchukua kodi ya ujana wa mtu na kumtupa akizeeka. Huyo hakuwa hata Mwislamu.

Sasa tusinyooshee Leta kidole peke yake. Katika safu hizi wamo wenye maduka, malori, gereji, na wanunuzi wa dhahabu. Tangu CNSS ilipochukua nafasi ya INSS, kwa pensheni mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 5. Wewe unamlipa kijana dola 150 na kuandika 60, au humwandiki kabisa. Pensheni yake itahesabiwa kwa hiyo 60. Hata Leta ikipandisha kila mwaka, itakuwa inapandisha kile ulichokwisha kukata wewe. Shuaibu (a.s.) alisema na nani kama si wewe?

Mwenye wafanyakazi aende wiki hii akaangalie daftari lake. Na baba na mama wazee wenye karatasi za zamani za INSS, msizitupe. Zileteni hapa baada ya sala. Vijana wanaosoma Kifaransa wakae nanyi, wawasomee, waandike barua inayohitajika.

Wabillahi tawfiq.