Kukawia si Kuachiliwa

Ndugu zetu, hapa Matasia ardhi iliyokuwa malisho imegeuka viwanja vya kujengea, na mizozo ya mipaka haishi. Katika darsa huulizwa: ikiwa hukumu ya Mwenyezi Mungu ni yakini, mbona mnyang'anyi hustarehe hata akafa? Suali hili si jipya. Habakuki, katika manabii watajwao na vitabu vya Mayahudi, aliliuliza, akajibiwa kuwa lililoahidiwa lina wakati wake, likikawia, alingoje.

Vitabu hivyo vyasimulia khabari ya mfalme Ahabu aliyelitamani shamba la Naboti. Naboti alikataa kuutoa urithi wa wazee wake. Malkia akaandika barua kwa muhuri wa mfalme, wakasimamishwa mashahidi wawili wa uwongo, Naboti akapigwa mawe. Tazameni: barua, muhuri, mashahidi, hukumu, hapakukosekana karatasi hata moja! Eliya, ndiye Nabii Ilyas kwetu, akamkuta Ahabu shambani mle mle akamwambia yatakayomfika. Ahabu akanyenyekea, adhabu ikaakhirishwa hata siku za mwanawe. Iliakhirishwa, haikufutwa: maiti ya mwana huyo ilitupwa katika shamba lile lile.

Nasi tunayo yetu. Mkataba wa Wamasai na Waingereza wa 1904 ulisema utadumu maadamu Wamasai wapo. Ulidumu miaka saba. Kwa mkataba wa 1911 wakaondoshwa Laikipia, wakaletwa huku kusini. Walishitaki, na mwaka 1913 mahakama ikaitupa kesi yao, kwa kuwa mapatano ya namna ile hayamo katika uwezo wake. Mahakama kusema haina uwezo si kusema hapana dhulma, na hapo ndipo wengi wetu huchanganya.

Wako watoao hoja ya Nabii Yunus: watu wa Ninawi walionywa, kisha adhabu ikaondolewa, basi maonyo, wasema, ni vitisho tu. Hawakutazama toba yenyewe ilikuwaje. Wafasiri wamepokea kwa Ibn Masud kwamba watu wale walirudishiana dhulma, hata mtu akaling'oa katika msingi wa jengo lake jiwe lisilo lake, akamrudishia mwenyewe. Wanavyuoni wa Kiyahudi katika Talmudi wana maneno ya namna hiyo hiyo, ila wao wataja boriti, na ili irudishwe hubomolewa jumba zima.