Je, ni riyaa kutaka uonekane una akili darasani?

Kila mwalimu anamjua mwanafunzi huyu. Sentensi haijamalizika, mkono wake umeshafika juu. Swali lake huwa refu kuliko jibu, tena limesheheni istilahi za Kiarabu mpaka wenzake wakageuka kumtazama. Ukianza kumjibu, hasikilizi. Alichokitaka amekwishakipata, nacho ni yale macho yaliyogeuka.

Nafundisha dini sekondari, hapa Dar es Salaam, na vijana wenyewe huniuliza: "Ustadhi, kutaka mwalimu aone nina akili, hiyo si riyaa?" Wengi wetu hujibu haraka haraka kuwa ni riyaa, basi. Hutolewa ile hadithi aliyoipokea Imam Muslim ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama, mmoja wao akiwa ni yule aliyesoma na kufundisha ili aitwe mwanachuoni, akaburutwa kifudifudi hadi motoni. Ni hadithi nzito, na mwenye kuichukulia kwa wepesi ajihurumie. Lakini naona jibu hilo la haraka linaacha jambo kubwa nje.

Tuangalie kisa cha Abdallah bin Umar (r.a.) kilichomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwauliza Masahaba ni mti gani usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni kama Muislamu. Watu wakawaza miti ya jangwani. Ibn Umar, kijana mdogo, ikamjia moyoni kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Alipomweleza baba yake baadaye, je, Umar (r.a.) alimsifu kwa unyenyekevu? Hapana. Alimwambia kwamba lau angelisema, lingekuwa jambo la kupendeza zaidi kwake kuliko kupata kadha wa kadha. Huyu ni Umar, tunayemjua kwa ukali wake katika dini, na alipenda mwanawe adhihirishe alichokijua mbele ya Mtume na hadhara nzima. Tuseme alimtakia mwanawe riyaa? Hasha!

Na Jibril (a.s.) je? Alipomjia Mtume (s.a.w.) kwa sura ya mtu mwenye nguo nyeupe mno, aliuliza kuhusu Uislamu, Imani na Ihsani, na kila alipojibiwa akasema umesadikisha. Masahaba walistaajabu, vipi mtu aulize kisha asadikishe! Kumbe aliuliza ili waliokaa pale wafundishike. Kwa hiyo hata kuuliza jambo unalolijua si kosa kwa dhati yake.

Basi tatizo si mkono ulioinuliwa. Kipimo ninachowapa vijana ni hiki: jibu sahihi likitoka kwenye kinywa cha mwenzako, tena yule usiyeelewana naye, unafurahi au unanuna? Imam Shafii ameripotiwa kuwa hakujali haki idhihirike kwa ulimi wake au kwa ulimi wa anayejadiliana naye. Na Imam Malik, watu wakifunga safari za mbali kumfuata Madina, alikuwa akijibu maswali mengi kwa neno moja tu, sijui. Mwanafunzi anayetaka sifa hawezi kulitamka neno hilo, litamkwama kooni.

Mwenye kudhani kuwa haya ni maradhi ya watoto wa sekondari asome habari za Imam Ghazali. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, madrasa yenye hadhi kubwa zama zake. Yeye mwenyewe ameeleza katika Al-Munqidh kwamba alipoichunguza nia yake katika kufundisha aliiona si kwa ajili ya Allah, bali ni kutafuta jaha na sauti. Ulimi wake ukafungika, hakuweza kusomesha. Mwaka 1095 akaiacha kazi hiyo na kuondoka mjini.

Sisi walimu nasi tuna sehemu yetu. Tunamsifu anayewahi, si anayefikiri. Katika masomo mengine hali ni mbaya zaidi, kwani sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, na kijana mwenye Kiingereza laini huhesabiwa ana akili hata kama hajasema kitu.

Kuna na upande wa pili usiosemwa misikitini. Nasahihisha madaftari ya mabinti ambao hoja zao zinawashinda wavulana wote wa mbele, lakini darasani hawafungui mdomo. Tunawaambia hiyo ndiyo haya. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Na Fudhayl bin Iyadh alikuwa akiona kuwa kuacha jambo la kheri kwa sababu ya watu nako ni riyaa. Sasa binti anayejua jibu akanyamaza kwa kuogopa watasemaje, na yule kijana wa istilahi ndefu, wote wawili wanayatazama macho yale yale.