Mzigo wa Mpagazi

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo katika karne ya 19 alibeba pembe za tajiri: uzito wake, mali si yake. Yuko mtoto abebaye vivyo hivyo. Njia zetu za pumzi zina vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vifagiavyo makohozi. Ndani ya kila kimoja mna vijibomba, jozi 9 zikizunguka 2 vya katikati. Mtoto akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia, ufagio husimama. Hukohoa tangu utotoni, na pengine moyo wake huwa upande wa kuume. Majirani hunong'ona: dhambi ya mama! Dhambi ipi? Wazazi kwa kawaida ni wazima, wala hawakujua. Kurani Tukufu yakataa mtu kubebeshwa dhambi ya mwingine. Basi mama huyo hutengwa kwa sheria ya nani?